Kukunja karata si woga: uzi wa wachezaji wa poka wa Mwanza

#1 — Mchanga Karata

Wakuu, heshima kwenu nyote. Nimeufungua uzi huu kwa ajili ya wanaocheza poka hapa Mwanza, wawe ni wa sebuleni kule Nyakato, wa chini ya mwembe pale Igoma, au wa kwenye vibanda vya mwaloni, ufukweni wanapoegesha wavuvi, siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi ya dagaa imepumzika kwa sababu taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mwanga wa mwezi. Hoja yangu ni moja. Naamini kwamba hasara kubwa ya mchezaji wa meza zetu inatokana na aibu ya kukunja karata, na kwamba aibu hiyo tumeirithi kutoka michezo mingine ya karata ambayo sheria zake hazifanani hata kidogo na za poka.

Kwa wageni wa mchezo, nieleze kwa kifupi. Katika poka ya Texas, ambayo ndiyo inayochezwa zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunguliwa mezani kwa wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kabla ya kufunguliwa kwa karata na baada ya kila hatua, wachezaji huweka dau kwa zamu, na kila mmoja ana hiari ya kufuata dau, kulipandisha, au kukunja karata zake na kujitoa katika mgao huo. Atakayebaki mwisho, au mwenye karata tano bora zaidi kati ya saba, ndiye anayebeba fungu.

Karata mbili za kuanzia zinaweza kukujia kwa namna 1,326, na ukizipanga kwa aina bila kujali kama ni kopa, uru, pau au shupaza gani hasa, zinabaki aina 169. Nyingi kati ya hizo ni takataka. Mchezaji makini aliyeketi kwenye meza ya watu 9 hutupa zaidi ya robo tatu ya migao kabla ya karata yoyote kufunguliwa mezani, wala hatoi maelezo kwa mtu. Sasa mpeleke mchezaji huyo kwenye meza zetu. Akikunja mara tatu mfululizo ataambiwa kaufyata, mara ya nne ataulizwa kama amekuja kucheza au kulinda kiti, na mara ya tano atafuata dau na saba ya pau na mbili ya kopa ili tu waache kumsema. Hapo ndipo njiti zake zinapokwisha.

Nasema njiti kwa makusudi. Mezani kwetu tunahesabu kwa njiti za kiberiti, na mifano yangu yote humu itakuwa ya njiti.

#2 — Mzee wa Mwaloni

Kijana, nimekusoma hadi mwisho, na sehemu ya kwanza ya maneno yako nakubaliana nayo. Sisi tumekua na albastini. Katika mchezo ule ree ina pointi 11, saba ina 10, mfalme 4, jeki 3 na malkia 2, jumla yake pakiti nzima ni pointi 120, na mwenye kupata 61 ndiye mshindi. Kila karata uliyogawiwa ni lazima uicheze, iwe nzuri au mbaya, na unaye mwenzako mliyekaa mkitazamana ambaye anategemea uilinde saba yake isiliwe kwa turufu. Mtu wa kujitoa katikati hayupo kwa sababu mchezo wenyewe haumruhusu kuwapo, na anayelegea anamwangusha mwenziwe. Ukitoka na malezi hayo ukakaa kwenye poka, mkono unakataa kuweka karata chini.

Ninapopingana nawe ni kwenye hizo kejeli. Wewe unaziona ni adui wa mchezaji, ila mimi nakwambia kwamba watu hawatoki Kirumba hadi Mkuyuni na jua hili kuja kuhesabu asilimia. Wanafuata maneno. Mezani hapa kuna mvuvi, fundi cherehani, dereva wa daladala na mstaafu wa reli, na wote wanakuwa sawa kwa sababu kila mmoja anaruhusiwa kumsema mwenzake. Ukiyaondoa hayo, utabaki na watu wanne waliokunja uso kama wapo kwenye chumba cha mtihani.

#3 — Mchanga Karata

Shikamoo Mzee. Umeeleza asili ya jambo hili vizuri kuliko nilivyoeleza mimi, na naomba niongeze mambo mawili juu yake.

La kwanza ni kumbukumbu. Bingwa wa albastini ni mtu anayekumbuka kila karata iliyokwisha kuliwa, na anapofika karata tatu za mwisho anajua aliyeishika ree ya shupaza kana kwamba ameiona. Katika poka ya Texas kipawa hicho hakina pa kushika, kwa kuwa pakiti nzima huchangwa upya kila mgao, na karata zilizopita hazina uhusiano wowote na zinazokuja. Hata hivyo naona wakongwe wetu wakisema, “Kopa hazijatoka muda mrefu, sasa ni zamu yake.” Hakuna zamu. Kumbukumbu hiyo ingefaa ielekezwe kwa watu: fulani alipandisha dau akiwa na nini mara ya mwisho, na fulani huwa anafuata hadi mwisho na jozi ya nne au hana.

La pili ni huyo mwenzako wa kutazamana naye. Katika poka hayupo. Ukikunja karata hujamwangusha mtu yeyote, umeokoa njiti zako tu, kwa hiyo lawama ya kumwacha mwenzio, ambayo ni ya haki kabisa barazani, haina mtu wa kumfikia.

Kejeli zibaki, Mzee, wala sitaki meza ya mabubu. Ninachoomba ni kuhamisha shabaha yake. Asemwe aliyelipa njiti 100 kumfuata mtu ambaye tangu asubuhi hajawahi kuzuga, yaani kuweka dau kubwa bila karata nzuri, aachwe aliyekunja. Na kuna desturi moja ambayo ningeipiga marufuku kabisa: ile ya kumlazimisha aliyekunja afunue karata zake, kisha kufungua karata iliyofuata kwenye pakiti ili kuona “ingekuja nini”. Desturi hiyo inatoa bure siri ambayo wengine wangepaswa kuilipia, na inamjengea mtu majuto juu ya jambo ambalo halikutokea. Ikifunguliwa malkia aliyekuwa anamhitaji, meza nzima inapiga kelele, na mgao unaofuata hakunji tena.

#4 — Binti wa Igoma

Habari za jioni, wakuu. Mimi ni mgeni kwenye poka, nimefundishwa na kaka zangu, na wao hawajawahi kunifundisha lini nikunje. Wanasema “utahisi”. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu dukani, na sipendi kuhisi mahali ambapo naweza kukokotoa. Je, kuna hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya hapo hapo mezani bila kalamu?

#5 — Mchanga Karata

Ipo, dada, na ni nyepesi kuliko ya dukani kwako.

Tuseme mezani kuna njiti 60, na mpinzani mmoja aliyebaki ameweka dau la njiti 30. Ili ufuate, unatoa 30, na fungu lote baada ya wewe kutoa litakuwa 120. Unanunua nafasi ya kubeba 120 kwa bei ya 30, ambayo ni robo. Maana yake, ukiwa na uwezekano wa kushinda unaozidi asilimia 25, kufuata kunakulipa kwa muda mrefu, na ukiwa chini ya hapo, kila unapofuata unatoa sadaka. Angeweka 60 badala ya 30, ungetoa 60 kubeba 180, yaani theluthi moja, hivyo ungehitaji kiasi cha asilimia 33. Kadiri dau linavyokuwa kubwa kulinganisha na fungu, ndivyo bei ya kubaki inavyopanda.

Upande wa pili wa mizani ni uwezekano wako. Umeshika kopa mbili, na katika karata tatu za mezani kuna kopa mbili. Ukipata moja zaidi utakuwa na karata tano za kopa, na kwa kawaida utashinda. Kopa ziko 13, umeziona 4, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 47, yaani 52 ukitoa mbili zako na tatu za mezani. Uwezekano wa karata moja inayofuata kuwa kopa ni 9 kwa 47, kama asilimia 19. Uwezekano wa kopa kutokea walau mara moja katika karata mbili zilizobaki ni asilimia 35 hivi. Njia ya haraka ni hii: hesabu karata zinazokuokoa, zidisha kwa 2 ikiwa unasubiri karata moja, au kwa 4 ikiwa utaziona zote mbili bila kudaiwa dau jingine. Tisa mara mbili ni 18, tisa mara nne ni 36. Inakaribia vya kutosha kwa matumizi ya mezani.

Angalia sasa jinsi majibu yanavyobadilika. Ikiwa mpinzani ameweka njiti zake 30 za mwisho, hakuna dau jingine litakalokuja, utaziona karata zote mbili, na asilimia 35 inaizidi 25: fuata. Ikiwa bado ana njiti nyingi na utadaiwa tena baada ya karata ya nne, basi kwa 30 hizi unanunua karata moja tu, asilimia 19, na bei ni 25. Hapo unakunja, isipokuwa kama una hakika kwamba ukiipata kopa atakulipa zaidi ya kutosha kufidia pengo. Hiyo “isipokuwa” ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu kila mtu anaamini atalipwa, na zikifunguka kopa tatu mezani hata kipofu anaziona.

#6 — Dagaa Mkavu

Mwangaluka, wakuu. Nimefuatilia uzi kimya kimya kwa sababu mambo yanayosemwa hapa ni mazuri lakini yanahusu meza za watu wanaokunja. Kwetu mwaloni hakuna anayekunja. Watu sita wakigawiwa, watu sita wanafika karata ya mwisho. Nilitazama video za mabingwa wa Marekani nikajifunza kuzuga: nakausha uso, nasukuma njiti nyingi, mpinzani anatetemeka, anaondoka. Kwetu mpinzani hatetemeki. Anasema “nataka nione tu”, anafuata na jozi ya tatu, na ananibeba. Naomba mniambie, kuzuga kuna faida gani kwa watu ambao hawaogopi?

#7 — Mchanga Karata

Hakuna faida, mkuu, na ndiyo maana nimeanzia kwenye kukunja kabla ya kufika kwenye kuzuga. Kuzuga ni kuuza woga, na soko lako halina mnunuzi.

Tuhesabu. Ukiweka 30 kwenye fungu la 60 huku huna kitu, unahatarisha 30 ili upate 60, kwa hiyo lazima wakunje walau mara moja katika tatu ndipo usipate hasara. Ukiwa na mpinzani mmoja anayekunja nusu ya mara zote, una faida nzuri. Wakiwa wawili wa namna hiyo, wote wawili watakunja kwa pamoja robo ya mara tu, na tayari umeshaingia hasarani. Wakiwa watano, ni mara moja kwa 32. Na hapo nimewapa ukarimu wa kukunja nusu ya mara, ukarimu ambao watu wa mwaloni wako hawana.

Dawa ya meza ya namna hiyo haina mbwembwe: subiri karata nzuri, na ukizipata, weka dau kubwa na urudie kuweka, kwa sababu watakulipa. Acha kabisa ule ujanja wa kujifanya mnyonge ukiwa na karata nzito, maana hakuna haja ya kumvizia mtu ambaye mlango wake uko wazi. Jozi ya juu, yaani karata yako moja ikilingana na iliyo kubwa kuliko zote mezani, yenye karata nzuri pembeni, ambayo kwenye meza ngumu ungeichezea kwa tahadhari, hapa inastahili dau karibu kila hatua, ili mradi usisahau kwamba mtu wa kufuata-fuata akiamka ghafla na kukupandishia, huyo ana kitu kweli, na hapo unakunja bila kujadiliana naye.

Jambo jingine linahusu idadi ya watu. Jozi ya ree, ambayo hukujia wastani wa mara moja katika migao 221, inamshinda mpinzani mmoja mwenye karata za kubahatisha kwa takribani asilimia 85. Wakibaki wapinzani watano hadi mwisho, uwezekano wako unashuka hadi chini kidogo ya nusu. Bado ni karata bora kuliko za yeyote kati yao, na bado inakuingizia faida kubwa kwa kuwa unashinda karibu nusu ya mafungu ambayo umechangia sehemu moja kwa sita tu. Lakini utashindwa mara nyingi, na utashindwa na watu walioingia na tisa na nne. Mtu asiyeijua hesabu hii huondoka akisema ree zina mkosi. Nimekutana na watu wazima wanaokunja uso wakizipata.

#8 — Mwalimu wa Nyegezi

Naomba nichangie upande wa nadharia, kwa kuwa wengi hudhani kuzuga ni suala la ujasiri wa moyoni, kumbe limekuwa suala la hisabati kwa karibu miaka mia moja. John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alichapisha mwaka 1928 kazi yake juu ya michezo ya watu wawili ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, na mwaka 1944, pamoja na mwanauchumi Oskar Morgenstern, aliifanya poka iliyorahisishwa kuwa mojawapo ya mifano yake mikuu. Aligundua kwamba mchezaji bora ni lazima azuge, na kwamba azuge kwa karata zake mbovu kabisa, si za kati. Karata za kati zina uwezo wa kushinda zikionyeshwa, kwa hiyo ni afadhali zipite bila kuweka dau. Karata mbovu hazina njia nyingine ya kubeba fungu isipokuwa mpinzani akunje.

Kuna hata kipimo. Katika dau la mwisho, ukiweka kiasi kinacholingana na fungu, mpinzani anahitaji kuwa sahihi mara moja katika tatu, kwa hiyo ukiwa na mzugo mmoja kwa kila karata mbili nzito, hawezi kupata faida kwa kufuata wala kwa kukunja. Ukiweka nusu ya fungu, ni mzugo mmoja kwa kila tatu nzito. Mashine zilizoundwa baadaye zimefuata mkondo huo huo. Mwaka 2017, huko Pittsburgh, programu iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza migao 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, mmoja mmoja, na ikawashinda kwa pengo kubwa. Mwaka 2019 ikafuata Pluribus, iliyoshinda kwenye meza ya watu sita. Hazikuwa na macho ya kusoma uso wa mtu, na hazikuona aibu kukunja.

Lakini Ndugu Dagaa Mkavu asije akaichukua nadharia hii akaipeleka mwaloni kama ilivyo. Kipimo hicho kinamkinga mtu dhidi ya mpinzani anayeweza kumsoma na kubadili uchezaji wake. Mpinzani asiyekunja kamwe hana haja ya kuwekewa kinga. Anahitaji kutozwa, kama alivyoelekeza mwenye uzi.

#9 — Dagaa Mkavu

Nashukuru, Mwalimu. Ila hiyo ya mashine kutokuwa na macho inanitatiza kidogo. Mimi bila macho ningekuwa nimefilisika. Kwetu namjua mtu kwa anavyopumua.

#10 — Mchanga Karata

Macho yana kazi yake, mkuu, ila kwenye meza zetu habari nyingi hazipo kwenye uso wa mchezaji. Zipo kwa watazamaji. Ni kama kwenye drafti: wachezaji wawili, washauri kumi. Yule kijana anayesimama nyuma ya mchezaji huchungulia karata, na tayari ameshavuta pumzi au kumkanyaga mwenzake mguu. Mimi huangalia nyuso za waliosimama kuliko za waliokaa. Mwenye busara huzifunika karata zake kwa kiganja, anazitazama mara moja, na haruhusu mtu mgongoni kwake.

Chanzo cha pili cha habari ni kutoheshimu zamu. Mtu wa tatu anazitupa karata zake kabla wa kwanza hajaamua, na hapo hapo wa kwanza anajua kwamba ana mtu mmoja pungufu wa kumwogopa. Katika poka kuamua mwisho ni mali. Anayekaa mahali pa kuzungumza mwisho ameshaona kila mmoja amefanya nini kabla yeye hajatoa njiti, na ndiyo maana karata zile zile zinazostahili kukunjwa ukiwa wa kwanza zinaweza kuchezwa ukiwa wa mwisho. Nafasi hiyo huzunguka pamoja na mgawaji ili kila mmoja aipate kwa haki. Anayetupa karata nje ya zamu anamnyang'anya mwenye zamu ya mwisho haki yake, hata kama hana nia mbaya.

#11 — Binti wa Igoma

Nina swali la adabu, si la hesabu. Kaka zangu wawili wakibaki peke yao kwenye mgao, hupitishana tu bila kuweka dau, na mimi nikiwapo hunibana katikati, mmoja anapandisha na mwingine anapandisha tena hadi nikunje. Wanasema ni undugu. Je, inaruhusiwa?

#12 — Mzee wa Mwaloni

Hili niachieni mimi. Mwanangu, katika albastini ishara kati ya wenza ni nusu ya mchezo. Barazani kwetu mtu alikuwa akigusa sikio, akikohoa, akinyanyua nyusi, na wapinzani wakiwakamata wanawazomea, lakini hakuna aliyeita wizi, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na wenza na zote zilikuwa na ishara zake. Poka kila mtu yuko peke yake. Wawili wakicheza kwa mfuko mmoja dhidi ya wa tatu ambaye hajui, huo ni wizi, na undugu hauufuti. Waambie kaka zako nimesema hivyo, na wakikataa, uwe unaingia kwenye mgao pale tu mmoja wao anapokuwa ameshakunja.

#13 — Msomaji Kimya

Wakuu, mbona hamgusii kwamba hii ni kamari? Kwa Waislamu ni haramu bila mjadala, na makanisa mengi nayo yanaikemea. Nimeona vijana wa mwaloni wanaopokea mgawo wao wa dagaa mchana na kufika usiku hawana nauli.

#14 — Mchanga Karata

Unayo haki ya kuuliza. Nchini kwetu michezo ya kubahatisha inaongozwa na Sheria ya mwaka 2003, Sura ya 41, chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kuiendesha kwa fedha bila leseni ni kosa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Ndiyo sababu nyingine ya njiti zetu. Anayeona dini yake inamzuia hata njiti, simshawishi.

Kuhusu vijana wa mwaloni, nilichokiona mimi ni kwamba mbalamwezi hukutanisha mambo mawili mabaya: mgawo umeshalipwa na kazi hakuna. Mtu akishindwa saa mbili usiku, ana usiku mzima mbele yake wa kutaka kurudisha, na mtu anayetaka kurudisha hakunji chochote. Mezani kwetu kila mmoja huanza na njiti sawa, zikiisha anainuka na kuwa mgawaji, wala hakopeshwi. Kukopesha mezani kumevunja urafiki mwingi kuliko kuzuga.

#15 — Dagaa Mkavu

Naleta mgao wa jana mwamue, kwa kuwa nimesemwa hadi leo asubuhi. Nilishika jeki ya uru na kumi ya shupaza. Karata tatu za mwanzo mezani zilikuwa mfalme, tisa na tatu. Ya nne ikaja mbili. Hakukuwa na hatari ya karata tano za ua moja, kama zile tano za kopa. Fungu lilikuwa na njiti 80, tumebaki wawili, mwenzangu akaweka 40. Nilikuwa nasubiri malkia ili nipate mfululizo wa tisa hadi mfalme. Nikakumbuka uzi huu, nikakunja. Wakaifungua ya mwisho kwa nguvu, nikiwakataza: malkia wa pau! Mzee mmoja alisimama akacheka hadi akakaa chini kwenye mchanga.

#16 — Binti wa Igoma

Naomba nijaribu mimi. Malkia ni wanne, karata zisizoonekana ni 46, kwa hiyo uwezekano ni kama asilimia 9. Ulitakiwa utoe 40 kupata fungu la 160, yaani robo. Tisa kwa ishirini na tano haifiki. Nimekosea?

#17 — Mchanga Karata

Hujakosea, dada. Niongeze kipande kimoja tu, cha kile tulichokiita “atanilipa baadaye”. Kati ya karata 46, 42 zinampotezea njiti 40, na 4 zinampa ushindi. Ili hesabu isimame sawa, kila akishinda lazima apate njiti 420. Mezani palikuwa na 120, zile 80 pamoja na 40 za mwenzake, kwa hiyo alihitaji kulipwa 300 zaidi baada ya malkia kufunguka. Mkuu, mwenzako alikuwa amebakiza njiti ngapi?

#18 — Dagaa Mkavu

Tisini.

#19 — Mchanga Karata

Basi uliikunja vizuri. Mwambie yule mzee wa kwenye mchanga kwamba mgao ujao akipata jeki na kumi, tutafurahi kuwa naye.